Ganda ni la Mama: Historia ya Kuchagua Mbegu ya Mchikichi Kigoma na Ujiji

Somo la redio kwa watu wazima, limechapwa kama lilivyosomwa. Maswali ya vikundi vya kusikiliza yako mwishoni.

Kama ulisikiliza somo hili redioni, waweza kulirudia hapa polepole. Kama kazi za shamba au za ziwa zilikuzuia, karibu tukae pamoja.

Kabla hatujaanza, nakuomba ufanye jambo dogo. Tafuta machikichi mawili yaliyoiva, kila moja kutoka mti wake. Yalaze juu ya gogo, uyapasue katikati kwa panga. Ndani ya kila moja utaona vitu vitatu. Kwanza nyama ya nje yenye nyuzi na mafuta mekundu; humo ndimo yatokamo mawese. Pili, ganda gumu jeusi. Tatu, kiini cheupe kinachotoa mafuta ya mise. Sasa tazama lile ganda. Katika chikichi moja laweza kuwa nene, na nyama juu yake ikawa nyembamba. Katika jingine ganda laweza kuwa jembamba, na nyama ikawa nyingi. Historia tutakayoisoma leo ni historia ya ganda hilo. Kwa ajili ya ganda hilo watu wengi wamepata mali, na wengi zaidi wamefanya kazi miaka mingi kwa faida ndogo.

Mkulima wa alizeti wa Singida akikosea mbegu, hasara yake ni ya msimu mmoja. Huko Ulaya uko mmea wa jamaa ya haradali, unaopandwa kabla ya baridi kali na kuvunwa mwaka wa pili kwa ajili ya mafuta. Mkulima wake naye hupata nafasi ya kuchagua upya kila apandapo. Lakini mchikichi ni mti. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kisha huvunwa miaka 25 na zaidi. Mtu akikosea mbegu katika ujana wake, atalila kosa hilo mpaka uzeeni, na huenda akamrithisha mwanawe. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi mbegu hii ilivyochaguliwa zamani, ili sisi tuchague vema.

MTI WA ZAMANI WA PWANI YA ZIWA

Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi na nchi za mto Kongo. Pwani ya Ziwa Tanganyika ni kama ukingo wa mashariki wa makao yake. Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji kwa njia ya misafara itokayo pwani ya bahari. Burton aliandika habari za nchi aliyoiona, na humo aliutaja mchikichi kwa jina lake hilo hilo, akayataja na mawese. Basi twajua ya kwamba mti huu ulikuwa umekwisha kuizoea nchi hii kabla Wadachi hawajaitawala, na kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Katika soko la Ujiji mawese yaliuzwa pamoja na samaki wakavu na chumvi ya Uvinza. Jambo la huzuni ni kwamba siku zile watu nao waliuzwa hapo.

Je, ni nani aliyeichagua mbegu ya wakati ule? Mara nyingi hapakuwa na mtu aliyekaa akachagua. Chikichi lilianguka, likaota. Mtu akifyeka shamba aliuacha mchikichi usimame, kwa sababu ni mti wa faida. Mchikichi ulioota karibu na nyumba ulitunzwa zaidi. Mti uliozaa mikungu mikubwa ulisifiwa, na mbegu zake zikapandwa. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu alichagua kwa macho yake, kama mkulima yeyote mwenye akili. Lakini macho peke yake hayakutosha, na sababu yake tutaiona.

Michikichi mingi iotayo yenyewe katika Afrika ni ya aina iitwayo dura. Ganda la dura lina unene wa milimita 2 hadi 8, na nyama yake mara nyingi ni kama nusu tu ya uzito wa tunda. Ipo aina ya pili, tenera. Ganda la tenera ni kati ya nusu milimita na milimita 4, na nyama yake hupita sehemu 60 katika 100 za uzito wa tunda, hata pengine kufika 90. Aina ya tatu ni pisifera. Hii haina ganda, lakini mara nyingi maua yake ya kike huharibika kabla ya kukomaza matunda. Kwa mkulima, pisifera ni kama mti tasa.

Weka aina hizi tatu kichwani mwako, ndugu msomaji, maana fumbo letu limo ndani yake.

WATU WALIOTAFUTA MAFUTA

Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilihitaji mafuta mengi, kwa sabuni, kwa mishumaa na kwa kulainisha mashine. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya serikali ya Wadachi wa Uholanzi huko Bogor, katika kisiwa cha Java. Wazao wa miche hiyo walipelekwa Deli, katika kisiwa cha Sumatra, na baadaye Malaya, ambako shamba kubwa la kwanza la biashara lilipandwa mwaka 1917. Yote hiyo ilikuwa dura, ila ni dura iliyochaguliwa vizuri, yenye matunda makubwa.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo, kampuni ya Mwingereza Lever ilipewa na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 haki ya kuchagua ardhi kubwa mno kwa ajili ya michikichi. Watu wengi walitiwa katika kazi ya kuvuna bila hiari yao. Lazima tuliseme hilo, kwa sababu maarifa tutakayoyasifu punde yalitoka katika nchi iliyotawaliwa hivyo, na waliopanda miti kwenda kukata mikungu hawakuandikwa majina yao vitabuni.

Na katika Tanganyika je? Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukapangwa mpango wa karanga, wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa ya Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Matrekta yaliletwa, pori likang'olewa, lakini mvua ya Kongwa haikutosha, na udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa karibu pauni milioni 36. Urambo iko kando ya reli iendayo Kigoma. Mwisho wa reli ile ile palisimama miti iliyokuwa ikitoa mafuta tangu zamani, bila trekta hata moja. Waliopanga walichagua zao kabla ya kuiuliza nchi, na nchi ikawajibu.

FUMBO LA YANGAMBI

Sasa tuvuke ziwa, twende mpaka kando ya mto Kongo, karibu na mji wa Kisangani. Hapo pana mahali paitwapo Yangambi. Wabelgiji walikuwa na kituo cha uchunguzi wa ukulima hapo. Katika miaka ya 1920 walipanda mbegu zilizotoka katika bustani ya Eala, karibu na Mbandaka. Zilichaguliwa kwenye miti ya tenera yenye ganda jembamba, na mmojawapo uliosifiwa sana uliitwa Djongo.

Matumaini yao yalikuwa rahisi. Mama ana ganda jembamba. Basi watoto nao watakuwa na ganda jembamba. Miti ilipozaa, wakaona kitu kingine. Mingine ilikuwa tenera kweli. Mingine ilirudia ganda nene la dura. Na mingine ilikuwa pisifera, isiyokomaza mikungu. Mbegu zilitoka kwenye miti mizuri, udongo ni mmoja, watunzaji ni wale wale. Je, tenera ilikuwa aina isiyotulia? Au mbegu zilichanganywa?

Mwaka 1941 wachunguzi wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha jibu. Walihesabu miti, wakaona hesabu ina utaratibu: katika kila miti minne, mmoja dura, miwili tenera, mmoja pisifera. Maana yake ni hii. Tenera si kabila linalojitegemea. Tenera ni mtoto wa ndoa ya dura na pisifera. Amepokea fungu moja la ganda nene kutoka kwa mzazi mmoja, na fungu moja la kukosa ganda kutoka kwa mzazi wa pili. Yeye akawa katikati. Tenera wawili wakizaa, mafungu hayo hugawanyika tena.

Hapo tunaelewa pia kwa nini dura ndiyo iliyojaa kando ya ziwa. Pisifera haizai vema, kwa hiyo fungu lake hupungua kizazi baada ya kizazi. Porini dura hushinda, hata kama mwanadamu anapenda tenera.

Maarifa hayo yalikuwa ufunguo. Katika miaka ya 1960 mashamba ya Malaya yalianza kupanda tenera kwa wingi: mama dura ya Deli, baba pisifera wa Afrika. Lakini kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na serikali mbili na lugha mbili za ofisi. Mitumbwi ilivuka kila siku na dagaa na mawese; kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa hakikupanda mtumbwini. Mkulima wa Ujiji aliendelea kuokota mbegu chini ya mti mzuri, kama babu yake.

GANDA NI LA MAMA, MCHE NI WA WAZAZI WAWILI

Ndugu msomaji, sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Soma sehemu hii mara mbili.

Unapoliona chikichi lenye ganda jembamba, unaliona ganda lililojengwa na mti wa mama. Mche uliolala ndani ni kitu kingine. Huo una mama na baba pia, na baba alikuja kwa unga wa maua, ambao vitabu vya leo huuita chavua. Unga huo huchukuliwa na wadudu wadogo na upepo. Mama unamwona, baba hukumwona. Kwa hiyo ganda la mbegu halikuambii ganda la matunda utakayovuna.

Tufanye hesabu. Michikichi ikipandwa kwa nafasi ya mita 9, ekari moja huchukua miti 57 hivi. Kwa wepesi wa hesabu tuseme 56.

Mtu wa kwanza ameokota mbegu chini ya tenera nzuri ya jirani, na mtaa mzima ni dura. Baba wa mbegu hizo karibu wote ni dura. Nusu ya miti yake, yaani 28, itakuwa dura. 28 ndiyo tenera.

Mtu wa pili amepata mbegu katika shamba la tenera tupu. Anadhani amepata iliyo bora kuliko zote. Lakini kwake 14 itakuwa dura, 28 tenera, na 14 pisifera, ambayo ataipalilia na kuitilia mbolea bila kuvuna. Huyu wa pili huenda akapata hasara kuliko wa kwanza.

Mtu wa tatu amenunua mbegu iliyotengenezwa kwa makusudi: mama dura iliyochaguliwa, baba pisifera. Miti yake yote 56 itakuwa tenera.

Hapo pana mtego. Mbegu ya mtu wa tatu ina ganda nene, kwa sababu mama yake ni dura! Mkulima asiyejua ataitupa na kusema ameuziwa mbegu mbaya. Na ile yenye ganda jembamba, inayopendeza macho, ndiyo itakayomdanganya. Vivyo hivyo rangi ya chikichi. Liwe jeusi kabla ya kuiva au liwe la kijani, rangi hiyo haisemi lolote juu ya ganda.

Kutengeneza mbegu ya mtu wa tatu ni kazi ya subira. Ua la kike la dura hufunikwa kwa mfuko kabla halijafunguka, ili chavua ya nje isiingie. Likiwa tayari, hupuliziwa chavua ya pisifera. Baada ya miezi mitano au sita mkungu huiva. Mbegu huwekwa katika joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa wiki nyingi ili ziamke, kisha miche hukaa kitaluni karibu mwaka mmoja. Watu wa ziwa husema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tenera nayo imeundwa.

UZURI WA MCHIKICHI WA KIGOMA

Pengine sasa unasema moyoni, "Basi tuikate dura ya wazee yote, tuanze upya." La, ngoja kwanza.

Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na vijiji vya milimani viko juu zaidi. Usiku wa kiangazi kuna baridi, na toka Juni mpaka Septemba mvua ni haba sana. Mchikichi uliozoea pwani za Malaya, penye mvua karibu mwaka mzima, huona taabu hapa. Maji yakipungua, mti hutoa maua ya kiume mengi na ya kike machache, na ukosefu huo huonekana katika mikungu karibu miaka miwili au zaidi baadaye. Mkulima hushangaa: mwaka huu mvua nzuri, mbona mikungu michache? Mti unalipa deni la kiangazi kilichopita.

Lakini michikichi ya Kigoma ilizaliwa katika hali hiyo, na iliyoshindwa ilikufa zamani. Dunia imeliona jambo hilo. Mwaka 1986 wataalamu wa mafuta ya mawese wa Malaysia walikuja Tanzania kukusanya mbegu za michikichi ya hapa, wakaenda kuzipanda kwao kwa uchunguzi. Wazalishaji wa mbegu wa Costa Rica, walipotafuta michikichi inayovumilia baridi ya nyanda za juu, walitumia uzazi wa Bamenda katika Kamerun na uzazi wa Tanzania. Mti ambao sisi tunauita wa kizamani, wengine waliuvukia bahari.

Kwa hiyo dura ya wazee ina kasoro moja kubwa, nayo ni ganda. Na ina fadhila moja kubwa, nayo ni uvumilivu. Mchaguzi mwenye hekima hatupi fadhila kwa sababu ya kasoro. Huoanisha. Dura yetu iliyochaguliwa vema yaweza kuwa mama.

KAZI YA KIHINGA, NA KAZI YAKO

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuanzisha juhudi ya kufufua zao la mchikichi. Wakati huo zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya Tanzania yalitoka nchi za nje. Kituo cha Kihinga kikapewa kazi ya uchunguzi wa mchikichi chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, na kazi ya kutengeneza mbegu za tenera. Gereza la Kwitanga na kambi ya Bulombora ya Jeshi la Kujenga Taifa nazo zikashiriki katika upandaji. Maarifa yaliyochapishwa Yangambi mwaka 1941 yalikuwa yamechukua zaidi ya miaka 70 kupata kazi kubwa namna hii upande wetu wa ziwa. Tena tangu mwaka 2013, wataalamu walipoitambua sehemu ya uzazi inayotawala ganda, imewezekana kupima kipande cha jani la mche mdogo na kujua aina yake kabla haujapandwa.

Nawe ufanye nini? Usiokote mbegu za kupanda chini ya mti, hata ukiwa mzuri namna gani; machikichi hayo kamulia mawese. Uliza mche umetoka wapi, nani mama, nani baba; muuzaji asiyeweza kujibu, mwache. Mwone Bwana Shamba wako, ambaye leo huitwa afisa ugani, akuelekeze penye miche ya kuaminika. Usikate shamba zima la wazee kwa siku moja, maana miaka mitatu ni mingi kwa nyumba inayotegemea mawese kwa chakula, sabuni na karo ya watoto. Badilisha kipande kwa kipande. Na ukiwa na dura ya zamani isiyokosa kuzaa hata baada ya kiangazi kikali, usiikate kabla hujawaonyesha wataalamu.

Sasa yarudie yale machikichi mawili uliyoyapasua. Lile lenye ganda jembamba litazame kwa makini. Kulizunguka ganda utaona duara la nyuzi nyeusi ndani ya nyama. Hiyo ni alama ya tenera. Umejua mama ni nani. Baba wa mche uliomo ndani bado hujamjua, wala kisu hakitakuonyesha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, michikichi ya zamani ilipandwa na nani, na mbegu zilipatikanaje? Waulizeni wazee.

2. Kwa nini mbegu yenye ganda nene yaweza kuzaa mti wa ganda jembamba?

3. Mtu ana ekari moja ya dura inayomlisha sasa. Abadilishe miti mingapi kila mwaka, na ale nini wakati wa kungoja?

4. Mpango wa karanga wa 1947 watufundisha nini juu ya kuchagua zao kwa ajili ya nchi?

Kwaheri, ndugu msomaji, mpaka somo lijalo.